Naweza kuzunguka na baiskeli siku tatu karibu na Kisumu bila kupigania barabara na trela?

"Habari fundi. Niko Kisumu, nina miaka 46, baiskeli yangu ni ya gia, ya mtumba, naitumia kwenda kazini tu na si mbali. Nimekuwa nikiangalia video za watu wa Ulaya wakizunguka siku kadhaa pembeni ya mifereji na mashambani, hakuna gari hata moja, na nikatamani sana kufanya hivyo likizo ya Agosti na kijana wangu wa miaka 13. Shida ni hii barabara ya Ahero, trela na matatu zinanitisha. Jamaa mmoja ameniambia tufuate reli tu, mwingine anasema bila baiskeli mpya ya milima nisijaribu. Nilikuwa nimepanga kilomita 60 kwa siku, Kisumu hadi Muhoroni na kurudi. Alafu goti langu la kulia linauma kwa mbele nikipanda mlima. Hii kitu inawezekana ama naota?"

Inawezekana dadangu, lakini si kwa huo mpango wa kilomita 60 na si kwa reli. Na hiyo hofu yako ya barabara ya Ahero usiruhusu mtu akuchekelee, mimi naongoza watu na baiskeli sehemu hizi na hiyo barabara sipitishi mtoto, labda kuivuka tu, tena tukiwa tumeshuka tunasukuma.

Tuanze na hizo video. Zile njia za Ulaya zilianza kama njia za farasi. Mashua za mizigo zamani hazikuwa na injini, farasi alikuwa anatembea kando ya mfereji akivuta mashua kwa kamba ndefu, kwa hivyo kila mfereji ulihitaji njia pembeni yake. Ule wa Ufaransa unaoitwa Canal du Midi ulichimbwa kati ya 1666 na 1681 na una urefu wa kilomita 240 hivi, na Uingereza nayo ikachimba yake mingi kubeba makaa ya mawe na bidhaa za viwanda. Mizigo ilipohamia kwa reli na malori, njia za farasi zikabaki tupu, na ndipo watu wa baiskeli wakaingia. Kwa nini ni tambarare hivyo? Kwa sababu mashua haiwezi kupanda mlima, mfereji unachimbwa ukifuata usawa wa ardhi, na mahali ambapo lazima maji yapande au yashuke wanaweka malango ya kuinua mashua. Baiskeli inafaidi tu kazi ambayo maji yalishafanyiwa.

Sasa sisi mifereji ya mashua hatuna, lakini mifereji ya kunyunyizia mpunga tunayo, na iko hapo karibu na wewe. Ahero maji yanapigwa pampu kutoka mto Nyando yanaingia mfereji mkubwa, kutoka hapo yanateremka yenyewe hadi kwa mifereji midogo na majaruba. West Kano, mradi mwingine wa mpunga, wanavuta kutoka ziwani, na maji yakishamaliza kazi shambani yanapigwa pampu tena yarudi ziwa kwa sababu mashamba yako chini sana. Ili maji yatembee yenyewe bila kubomoa kingo, mteremko wa mfereji unafanywa mdogo kiasi kwamba kwa macho huuoni. Na pembeni ya mifereji mikubwa kuna tuta lenye njia, ambapo trekta hupita na wale wa kufungua maji hupita. Hiyo ndiyo njia yako. Si ya utalii, hakuna kibao, hakuna benchi la kupumzikia, ni mahali pa kazi ya watu, na ukilielewa hilo mambo mengine yote yanakuwa rahisi, manake utajua upite saa ngapi na umpishe nani.

Nikupe hesabu kidogo uone kwa nini nasisitiza tambarare. Chukua wewe, baiskeli na mzigo, jumla kilo 90. Ukienda kilomita 15 kwa saa kwa udongo uliokauka vizuri bila upepo, miguu inatoa kama wati 60. Ukipata mlima unaopanda mita 5 kwa kila mita 100, ambao kwa gari hata huusikii, na upunguze mwendo hadi kilomita 10 kwa saa, unahitaji zaidi ya wati 120 kubeba uzito peke yake. Yaani jasho mara mbili na mwendo umepungua. Ndio maana mtu anaweza kuzunguka majaruba ya Ahero asubuhi nzima akiongea na kucheka, alafu mlima mmoja wa kutoka Kisumu kwenda Maseno unammaliza. Muhoroni nayo usidanganyike na ramani, kutoka Chemelil unapanda pole pole na jua linakupiga mgongoni.

Kuhusu reli, huyo jamaa anachanganya vitu viwili. Ulaya kuna reli zilizokufa, vyuma vikang'olewa na njia ikasawazishwa kuwa ya baiskeli. Hii yetu haijafa. Reli ya Nakuru hadi Kisumu ilifufuliwa na treni inapita, na kutembea au kuendesha baiskeli ndani ya eneo la reli ni kosa kisheria. Hata ukiweka sheria kando, zile kokoto kubwa haziendesheki, na kwa daraja hakuna pa kukimbilia. Sahau reli.

Na huyu wa baiskeli mpya ya milima muulize blakmamba, zile baiskeli nzito za mizigo, za uwanda huu wa Kano zinapita wapi kila siku na gunia mbili za mpunga nyuma. Baiskeli yako inatosha kama breki zinashika, rimu hazichezi, cheni haijalegea sana na tairi ni pana kiasi, inchi 1.75 hadi 2. Mpelekee fundi wiki moja kabla, si asubuhi ya safari, umwambie akaze spoku za gurudumu la nyuma na abadilishe mpira wa breki, alafu uiendeshe siku mbili tatu uone kama kuna kitu kimelegea. Ya kijana pia, na hakikisha siti yake imeinuliwa maana watoto wa umri huo wanarefuka haraka, siti inabaki ya mwaka jana.

Kitu kimoja ambacho mafundi wengi wa stendi wanakosea ni upepo. Wanajaza tairi hadi iwe jiwe, wakisema ndio inakimbia. Kwa lami laini sawa. Kwa njia ya udongo yenye vibonde, tairi ngumu hairuki juu ya kokoto peke yake, inakurusha na wewe pia, na kila ukirushwa nguvu uliyosukuma nayo inapotea juu badala ya kwenda mbele. Mikono inakufa ganzi, makalio yanaumia, mzigo unalegea. Tairi ikiwa na upepo kiasi inajikunja juu ya kijiwe na kuendelea. Kwa uzito wako na tairi ya inchi mbili, jaribu PSI (kipimo cha upepo) 35 hadi 40 nyuma na kama 30 mbele, kijana punguza kidogo zaidi. Ukibonyeza kwa kidole gumba inabonyea kidogo lakini rimu haigongi chini ukikalia. Beba tyubu mbili za akiba, viraka, solusheni na pampu, kwa sababu Kano ina miiba ya migunga na mwiba hauulizi PSI.

Tukija kwa njia yenyewe, ushauri wangu ni uache kabisa wazo la kutoka Kisumu ukipiga mstari hadi mbali na kurudi. Lala mahali pamoja, Ahero ina vyumba vya bei ya kawaida, alafu kila siku mzunguke na kurudi hapo hapo. Mnaacha mizigo chumbani, mnabeba maji na vifaa tu, na kijana akichoka kilomita ya kumi mnageuka bila aibu. Kufika Ahero, funga baiskeli juu ya matatu au tafuta pikapu, elewana bei kabla hazijapandishwa na uziangalie zikifungwa, cheni iangalie juu isije ikapindwa ule mkono wa gia wa nyuma. Najua kuna watu watasema hiyo si safari ya baiskeli ya kweli. Wacha waseme, hawatakuwa wao kwenye mstari wa njano na trela ya mafuta nyuma.

Siku ya kwanza zungukeni majaruba ya Ahero yenyewe, kilomita 20 hadi 25 zinatosha. Kabla hamjaingia pitieni ofisi ya mradi, mjitambulishe, muulize mifereji gani inafanyiwa kazi wiki hiyo na ni tuta gani linapitika. Mradi uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Umwagiliaji, na hakuna mtu atakukatalia salamu. Nimeona wageni wakiingia tu na makamera yao na wakulima wanawauliza, nyinyi ni wa nani, na jibu hawana. Ukishasema ofisini wanajua uko, hayo yanaisha. Mkiwa kwa tuta na trekta inakuja, shukeni, mwegemee upande wa shamba na si upande wa mfereji, muache ipite. Malango ya maji msiguse hata kwa mchezo, mtu amepangiwa zamu yake ya maji na mkifungua mnamharibia siku. Na wakati wa mavuno mtakuta mpunga umeanikwa kwenye turubai pembeni ya njia, mama amekaa na fimbo anafukuza kuku, hapo mnashuka na kuzungukia nyasini hata kama mmeachiwa nafasi ya tairi moja. Punje zikiingia mchanga kwa sababu ya tairi yako hilo ni hasara ya mtu.

Siku ya pili mnaweza kwenda upande wa kaskazini, kwa mashamba ya miwa ya Miwani mkiangalia ile kuta ya milima ya Nandi mbele yenu. Miwani ndio kiwanda cha kwanza cha sukari nchini, kilianza 1922, siku hizi kimenyamaza lakini miwa bado iko, na njia za katikati ya miwa ni nyingi. Hapa kuna tahadhari tofauti na ya mpunga. Kwa mpunga unaona mbali, kwa miwa huoni kona, na siku ya kukata trekta inavuta trela imejaa hadi inayumba. Sikiliza kwanza kabla ya kona, endesheni mmoja nyuma ya mwingine, wewe nyuma na yeye mbele ili umwone. Kama mnasikia mashine nyingi asubuhi hiyo, geukeni tu, rudini kwa mpunga. Siku ya tatu iacheni iwe ya kupumzika au ya kuelekea West Kano upande wa ziwa asubuhi, kisha kula samaki na kurudi Kisumu kwa gari.

Lakini hii yote inategemea udongo, na hapa ndipo watu wa video hawawezi kukusaidia. Kano ni udongo mweusi ule wa kupasuka. Una chembe za mfinyanzi zinazokunywa maji na kuvimba, zikikauka zinajikunja na kuacha nyufa ambazo tairi nyembamba inaweza kuingia ikakwama. Kavu, ni ngumu kama sakafu na inapendeza kuendesha. Ikipata mvua ya dakika kumi inageuka kitu kingine, inashika tairi, inajaa kati ya tairi na uma wa mbele, inajaa kwa breki, gurudumu linaacha kuzunguka kabisa na baiskeli inakuwa mzigo wa kubeba. Kosa ni kulazimisha padeli. Ukilazimisha, nyasi na tope vinavuta ule mkono wa gia unaingia kwa spoku, na hapo safari imeisha. Shuka, kwangua na kijiti, pita kwa nyasi, au kaa chini ya kibanda usubiri, jua la Kano likitoka saa mbili tatu juu inaanza kushika. Toa vile vilinda tope kabla ya safari, ndivyo vinavyojaza kwanza.

Agosti si mwezi wa mvua ndefu, hizo huwa Machi hadi Mei, lakini huku ziwani mvua ya radi ya alasiri inaweza kuja mwezi wowote. Ndio maana nakwambia muanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa tano muwe mmefika mahali pa kivuli. Mnakwepa vitu viwili kwa mara moja, jua la mchana na radi ya jioni. Uwanda wa Kano uko wazi, nyinyi na baiskeli ndio mtakuwa kitu kirefu zaidi hapo, kwa hivyo mkisikia ngurumo msijifiche chini ya mti ulio peke yake, ingieni nyumba au gari. Maji bebeni lita mbili kila mtu. Kijana akianza kuumwa na kichwa, kuwa mkali bila sababu au kutapika, hiyo ni joto, kivuli na maji mara moja, na akichanganyikiwa msingoje, ni hospitali.

Maji ya mfereji. Najua miguu ikichafuka utatamani kuichovya, na kijana atataka kuruka. Msikubali. Mifereji na ukingo wa ziwa zina konokono wanaobeba kichocho, na vile vijidudu vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, huhitaji kunywa. Mkigusa maji kwa bahati mbaya jikausheni haraka kwa taulo, na kama mlikaa ndani ya maji nendeni kliniki baada ya wiki sita hadi nane mpimwe, dawa ipo na inafanya kazi vizuri. Na ya kunywa msichote humo hata mkichemsha, kuchemsha kunaua vijidudu lakini dawa za wadudu na mbolea hazitoki kwa moto. Upande wa ziwa msikae hadi giza, viboko hutoka majini jioni kula nyasi na hawapendi mtu akisimama kati yao na maji. Mkilala Ahero ulizeni neti, na homa yoyote siku au wiki chache baada ya safari mpimwe malaria, msidhani ni uchovu.

Kuna wakati itanyesha wiki nzima na mpango wote wa Kano utakufa. Usiulazimishe, hamisha safari kaunti ya Nakuru. Hell's Gate pale Naivasha ni moja ya mbuga chache za wanyama ambazo wanakuruhusu kuingia na baiskeli, na unaweza kukodi hapo hapo langoni ukapita kati ya pundamilia na swala mbele ya yale majabali. Udongo wake ni wa majivu ya volkano, maji yanazama haraka, shida yake kinyume ni mchanga laini na vumbi. Bado kuna magari ya watalii na ya mitambo ya umeme ya Olkaria, ila yanaenda taratibu. Nyati wapo, kaeni mbali. Naivasha iko juu kuliko Kisumu kwa mita mia saba na zaidi, siku ya kwanza mtahema kidogo. Tiketi inalipwa kwa eCitizen, fanya kabla hujafika. Na mbuga ya Ziwa Nakuru usiende na baiskeli, huko kuna simba na faru na hawakubali.

Sasa goti. Maumivu ya mbele wakati wa kupanda, mara nyingi ni siti iko chini. Goti likikunjwa sana na hapo hapo unasukuma kwa nguvu, kile kifuniko cha mbele kinabanwa kwa mfupa wa paja, na unarudia hivyo maelfu ya mara kwa saa moja. Pima hivi. Kaa kwa baiskeli mtu akishikilia, weka kisigino juu ya padeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuegemea upande. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwa padeli goti litabaki limekunjika kidogo tu. Kama ni lazima kuinua, inua nusu inchi, endesha siku mbili, kisha uinue tena, kwa sababu ukizidisha maumivu yanahamia nyuma ya goti. La pili ni gia. Wengi wetu tumezoea kusukuma gia nzito pole pole tukidhani ndio nguvu. Weka nyepesi, miguu izunguke kama mara 70 au 80 kwa dakika, utahisi unapepeta hewa mwanzoni, utazoea.

Fanya hivyo wiki tatu kabla ya Agosti, kwenda kazini na kurudi, na Jumapili moja uende kilomita 20 za tambarare na kijana uone goti linasema nini kesho yake. Likiwa limetulia, twende. Likiuma kidogo likaisha kwa siku moja, punguza umbali. Lakini kama linavimba, linakwama ukikunja, linakuamsha usiku, au linahisi kama litakuachilia ukishuka ngazi, hapo si kazi ya fundi wa baiskeli, nenda umwone daktari wa mifupa au wa tiba ya viungo kabla ya safari yoyote. Na kwa umri wetu huu, kama una presha au hujapima muda mrefu, pima. Kifua kikibana ukipanda, simama siku hiyo hiyo uende hospitali, mpango wa Kano utahamishwa tu hadi likizo ya Desemba, na hiyo Desemba uulizie mvua kwanza.